Maswali ya Wasomaji: Rangi Katika Mawingu

Barua kadhaa tulizopokea zinahusu rangi zinazoonekana mawinguni. Waandishi wake wanaishi mbali mbali, na wengi wao walidhani kuwa wameona kitu kimoja, ilhali kila mmoja ameeleza jambo lenye chanzo chake. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la barua moja linasaidia kuielewa nyingine.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Moshi. Alasiri moja ya mwezi Julai niliona wingu laini lenye umbo la sahani iliyofunikwa, upande wa magharibi wa mlima. Jua lilikuwa karibu nalo, lakini nilikuwa nimesimama chini ya ukuta wa ghala na paa lilikuwa limelificha. Kingo za wingu hilo zilikuwa na rangi ya waridi na kijani, na mahali pengine zambarau. Wingu lenyewe halikusogea, ila rangi zilikuwa zikihama. Niliipeleka picha yake katika kundi la familia, na papo hapo mmoja akasema ni dalili ya tetemeko la ardhi, mwingine akadai kuwa ni kemikali zinazomwagwa na ndege. Ukweli ni upi?

Jibu: Ndugu yetu wa Moshi, uliloliona ni wingu la kawaida la maji. Rangi zake zilitokana na mwanga wa jua uliopita katikati ya vitone vidogo mno vya maji ambavyo vilikuwa vinalingana kwa ukubwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeliorodhesha jambo hili katika Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, na linaeleza kuwa rangi zinazotawala ni kijani na waridi, kwa kawaida zikiwa hafifu, ama zimechanganyika ama zimejipanga kwa michirizi inayofuata kingo za wingu. Yaani uliyoyaandika wewe kwa kuona kwa macho yako ndiyo hayo hayo waliyoyaandika wataalamu.

Ili kuelewa rangi hizo zinatoka wapi, ni lazima tukumbuke kwamba mwanga husafiri kwa mawimbi, na kwamba kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Wimbi la zambarau lina urefu wa takriban nanomita 400, na la nyekundu takriban nanomita 700, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kitone cha wingu kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 0.01 hadi 0.02. Mwanga unapopita kandokando ya kitu kidogo namna hiyo, hauendelei wote kwa mstari ulionyooka, bali sehemu yake hupinda na kuenea. Tabia hii ndiyo inayoitwa difraksheni. Mawimbi yaliyopita upande mmoja wa kitone hukutana na yaliyopita upande wa pili, na hapo hutokea lile linaloonekana nyuma ya nguzo ya gati bahari inapokuwa na mawimbi madogo: pale mgongo wa wimbi unapokutana na mgongo wa wimbi jingine, maji huinuka zaidi, na pale mgongo unapokutana na bonde, maji hutulia. Katika mwanga, mahali pa kuinuka ni mahali pa kung'aa na mahali pa kutulia ni mahali pa giza. Kwa kuwa mawimbi ya rangi nyekundu ni marefu kuliko ya bluu, sehemu zinazong'aa kwa nyekundu haziangukii mahali pamoja na zile za bluu, na kwa sababu hiyo mwanga mweupe wa jua hutufikia ukiwa umechambuliwa.

Ukubwa wa kitone ndio unaoamua rangi itaonekana umbali gani kutoka kwenye jua. Vitone vyenye kipenyo cha milimita 0.02 hutoa mduara wa kwanza wa giza kwa mwanga wa kijani kwenye pembe ya karibu nyuzi 2 kutoka katikati ya jua, na vitone vyenye nusu ya kipenyo hicho huutoa kwenye karibu nyuzi 4. Vitone vidogo hueneza rangi mbali, na vitone vikubwa huzikusanya karibu na jua. Kwa sababu hiyo, ikiwa wingu lina vitone vya kila ukubwa, kila kundi la vitone litatoa miduara yake, miduara hiyo itapandana, nyekundu ya huyu itaangukia juu ya kijani ya yule, na jumla yake itarudi kuwa weupe. Hiyo ndiyo hali ya mawingu mengi tuyaonayo kila siku. Aidha, wingu likiwa nene, miali ya mwanga hugongana na vitone vingi kimoja baada ya kingine kabla ya kutoka, na mpangilio wowote wa rangi hupotea njiani. Rangi zinahitaji wingu jembamba, lenye vitone vinavyolingana, na lililo karibu na jua. Zipo zaidi ndani ya nyuzi 10 hadi 20 hivi, ingawa mara chache huonekana hata zaidi ya nyuzi 40.

Sasa tuje kwenye wingu lako, ambalo kwa maoni yetu ndilo lililokuwa na nafasi nzuri kuliko yote ya kuonyesha rangi. Mlima mrefu uliosimama peke yake kama Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, huulazimisha upepo kupanda, na baada ya kuuvuka upepo huo huendelea kupanda na kushuka kwa mawimbi hewani. Hewa inapopanda hupoa, na ikipoa vya kutosha mvuke wake hugeuka vitone. Inaposhuka hupata joto na vitone hukauka. Wingu huzaliwa upande mmoja na kufa upande wa pili, na ingawa hewa inapita ndani yake kwa kasi, umbo la wingu hubaki palepale. Ndiyo maana uliliona halisogei. Na kwa kuwa hewa yote inayopita hapo imepanda njia moja na kupoa kwa kiwango kimoja, vitone vyake vina umri mmoja na ukubwa unaokaribiana mno. Pembezoni, ambako vitone vinakauka, vinakuwa vidogo zaidi kuliko vya katikati, na kwa hiyo michirizi ya rangi huufuata ukingo wa wingu badala ya kulizunguka jua kwa mduara kamili. Rangi zilihama kwa sababu vitone vilikuwa vinakua na kupungua muda wote, na jua nalo lilikuwa linashuka.

Umetaja waridi na kijani, na wasomaji wengine hushangaa kwa nini rangi hizi hazifanani na zile za upinde wa mvua. Karibu sana na jua hupatikana rangi za mduara wa kwanza peke yake, lakini kadiri tunavyokwenda nje miduara ya pili na ya tatu ya rangi mbalimbali huanza kupandana, na mchanganyiko wake hutoa waridi, kijani cha bahari na zambarau hafifu. Wingu kama hilo lina uzuri wa aina yake, na tunawahimiza wasomaji wanaoishi karibu na Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya walitafute, maana wamejaliwa milima inayolitengeneza.

Kuhusu tetemeko la ardhi, madai hayo yalisambaa sana baada ya tetemeko kubwa lililoikumba Sichuan, nchini China, tarehe 12 Mei 2008, kwa kuwa kulikuwa na video za mawingu ya rangi zilizodaiwa kupigwa muda mfupi kabla yake. Mawingu ya namna hiyo hutokea duniani siku nyingi za mwaka, mahali pengi, bila ardhi kutikisika; atakayeyatafuta baada ya tetemeko lolote atayapata. Tetemeko huanzia kilomita nyingi chini ya ardhi, pale miamba inapokatika na kuteleza, na hakuna njia inayojulikana ambayo kwayo mwamba huo ungeweza kuvisawazisha vitone vya maji vilivyo angani. Dai la kemikali nalo halina msingi, kwa sababu hakuna kemikali yoyote inayohitajika ili kupata rangi hizo. Maji safi na mwanga wa jua vinatosha.

Ulifanya vyema kusimama mahali ambapo jua lilikuwa limefichwa. Rangi hizi huwa karibu na jua, na mtu anayezitafuta hushawishika kulikodolea macho. Jua linaweza kuiunguza retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila mhusika kuhisi maumivu yoyote wakati huo, na madhara yake mengine hayaponi. Wazazi waoneeni watoto huruma kwa jambo hili. Ukingo wa paa, shina la mti au nguzo ya umeme hutosha kulikinga jua, na hapo ndipo rangi zenyewe zinapoonekana vizuri zaidi, kwa kuwa jicho halijazidiwa na mwanga.

Swali: Mwanzoni mwa Mei, nikiwa Dodoma, saa sita na nusu mchana, niliona upande wa kaskazini mkanda wa rangi uliolala sambamba na ardhi, ndani ya mawingu membamba kama pamba iliyochambuliwa. Nyekundu ilikuwa juu, kisha njano, kijani, na bluu chini. Rangi zilikuwa kali sana. Mvua haikuwepo, na jua lilikuwa juu kabisa. Je, huo ni upinde wa mvua, au ndiyo mawingu ya rangi yanayozungumzwa?

Jibu: Si hilo wala si lile. Upinde wa mvua hauwezi kuonekana saa hizo, kwa sababu unajengwa upande ulio kinyume na jua, kwa pembe ya nyuzi 42 kutoka kwenye kivuli cha kichwa cha mtazamaji. Jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, upinde wote unaangukia chini ya ardhi. Hii ndiyo sababu tunauona asubuhi na alasiri tu. Wala si rangi za vitone kama zile za Moshi, kwa kuwa umeziona mbali sana na jua, zikiwa kali, na zikiwa zimepangwa kwa utaratibu.

Ulichokiona ni tao la mlalo, na kilitengenezwa na barafu. Mawingu uliyoyataja ni sirasi, ambayo huelea juu sana, kwenye baridi kali, na yameundwa kwa fuwele za barafu. Baadhi ya fuwele hizo ni vibapa vyenye pembe sita, na vinaposhuka polepole katika hewa tulivu hulala bapa, uso mpana ukitazama chini. Mwali wa jua huingia kwa ubavu uliosimama wima na kutokea kwa uso wa chini. Nyuso hizo mbili zinakutana kwa pembe mraba, na barafu inakuwa mche, yaani kipande angavu chenye nyuso bapa, wenye pembe ya nyuzi 90 unaozitawanya rangi kwa upana mkubwa, kiasi kwamba mara nyingi tao hili huwa na rangi safi kuliko upinde wa mvua wenyewe. Nyekundu, ambayo hupindwa kidogo kuliko rangi zote, hubaki juu, upande wa jua, na bluu hushuka chini, sawasawa na ulivyoandika.

Sharti lake ni moja na halina msamaha: jua liwe juu ya nyuzi 58. Likiwa chini ya hapo, mwali ulioingia kwa ubavu hauwezi kutoka kwa chini, bali hurudishwa ndani ya fuwele. Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji watambue bahati ya mahali wanapoishi. Dodoma, mwanzoni mwa Mei, jua la adhuhuri hufikia karibu nyuzi 68, na tao hutokea kiasi cha nyuzi 22 juu ya upeo wa macho, yaani ngumi mbili na kidogo ukinyoosha mkono. Nairobi jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 65 siku yoyote ya mwaka. Dar es Salaam, hata katika Juni linapoelemea kaskazini kuliko wakati wote, hufikia karibu nyuzi 60, na sharti linatimia kwa shida, tao likiwa chini karibu na majengo. Mtwara katika siku hizo hizo jua huishia karibu nyuzi 56, na tao haliwezekani mpaka jua lirudi. Mtu wa London hupata nafasi hiyo kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai tu, saa chache za mchana, na wa Oslo hawezi kuliona kabisa akiwa mjini kwake, kwa kuwa jua la huko halivuki nyuzi 54. Machi na Septemba, katika nchi zilizo kwenye ikweta, sharti la jua hutimia kila siku kwa zaidi ya saa nne, takriban kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana. Kinachobaki ni kupatikana kwa sirasi mahali panapotakiwa.

Watu hawalioni mara nyingi kwa sababu saa hizo wako ndani ya nyumba au wamejikinga na jua, na hakuna anayetazama mbingu. Mara nyingi pia sirasi hufunika kipande tu cha mahali tao linapopita, na mtu huona doa la rangi badala ya mkanda. Picha za madoa hayo husambazwa mitandaoni kwa jina la upinde wa moto, jina linalopotosha, kwani hakuna moto wowote katika barafu hiyo.

Swali: Hapa Mombasa tuliona mduara mkubwa kuzunguka jua, kama uliochorwa kwa bikari. Wazee wetu husema ukiuona mduara huo, mvua iko njiani. Je, kuna ukweli?

Jibu: Huo ni mduara wa nyuzi 22, nao pia ni kazi ya barafu, ila fuwele zake hazikulala kwa mpangilio mmoja bali zilielekea kila upande. Mwali unaopita katika mbavu mbili za fuwele ya pembe sita zisizopakana hukutana na mche wa nyuzi 60, na mche huo hauwezi kuupindisha kwa chini ya karibu nyuzi 22. Ndani ya mduara huwa na giza kidogo, na ukingo wa ndani ndio wenye wekundu.

Kipimo cha kuutambua mnacho mkononi. Likinge jua kwa ncha ya kidole gumba, mkono ukiwa umenyooka, na ufungue kiganja kwa shubiri; kidole cha mwisho kitaugusa mduara. Mduara wa vitone vya maji, ule wa aina ya wingu la Moshi, ni mdogo zaidi kwa mbali, umeshikana na jua au mwezi, na wekundu wake uko nje. Tofauti hiyo ya wekundu wa ndani na wa nje inatosha kumaliza ubishi.

Kuhusu mvua, kauli ya wazee ina sehemu ya ukweli, hasa katika nchi za baridi, ambako utandu wa sirasi hutangulia mvua kwa saa kadhaa. Kwetu utandu huo aghalabu hutoka katika vilele vya mawingu ya radi yaliyo mbali, yanayotandazwa na upepo wa juu, na mawingu hayo yanaweza kuwa yamekwisha kunyesha kwingine. Mkulima asipande kwa kuutegemea mduara peke yake; asikilize utabiri wa idara ya hali ya hewa ya nchi yake.

Swali: Kwa nini mawingu ya magharibi huwa mekundu? Ndiyo difraksheni hiyo hiyo?

Jibu: Hapana. Wingu la machweo halitengenezi rangi; linaipokea. Lord Rayleigh alionyesha mwaka 1871 kwamba chembe ndogo za hewa huutawanya mwanga wa mawimbi mafupi kwa nguvu zaidi kuliko wa mawimbi marefu, hivyo kwamba bluu hutawanywa mara nne hadi tano kuliko nyekundu. Jua linapokuwa kwenye upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi karibu mara 40 kuliko unapotoka utosini, bluu yote huachwa njiani, na kinacholifikia wingu ni nyekundu na chungwa. Jicho linaweza kuzitofautisha hali hizi bila shida: wingu la machweo lina rangi za joto peke yake, na halina kijani.

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Oslo. Majira ya baridi, kabla jua halijachomoza, niliona mawingu yenye rangi zinazong'aa kama lulu, na anga nyingine yote bado ilikuwa na giza. Yaliniogopesha kidogo. Wenyeji hawakushangaa sana.

Jibu: Wenyeji hawakushangaa kwa sababu Skandinavia ni miongoni mwa sehemu chache zenye watu wengi ambako mawingu hayo huonekana. Huitwa mawingu ya lulu. Mawingu ya kawaida hayafiki yalipo hayo: yapo kati ya kilomita 15 na 25 hivi kutoka ardhini, katika tabaka la stratosfia, na hutokea pale tu joto la huko linaposhuka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwa urefu huo huangaziwa na jua ambalo kwako bado halijachomoza, na ndiyo maana yaling'aa wakati mji ukiwa gizani. Rangi zake zina asili moja na zile za Moshi, isipokuwa kilichopinda mwanga ni chembe ndogo za barafu. Hata mlima umo: upepo unaopita juu ya milima ya Norwe hutengeneza mawimbi yanayofika hadi stratosfia, na chembe huzaliwa kwenye migongo ya mawimbi hayo zikiwa na ukubwa mmoja.

Kuna jambo moja katika mawingu haya linalostahili uzito. Juu ya nyuso za chembe zake, na za mawingu mengine ya stratosfia ya ncha za dunia, klorini inayotokana na gesi zilizokuwa zikitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia hubadilika na kuwa katika hali ambayo, jua linaporudi, huiharibu ozoni, gesi ya juu inayotukinga na miale hatari ya jua. Hivyo ndivyo lilivyotokea tundu la ozoni juu ya Antaktika, na ndiyo sababu mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal mwaka 1987 wa kuziondoa gesi hizo. Mawingu yenyewe hayakudhuru wewe uliyekuwa chini, na hukuwa na sababu ya kuogopa.

Swali: Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tabora. Maabara yetu haina vifaa vingi. Je, kuna njia ya kuwaonyesha wanafunzi rangi hizi bila kusubiri wingu?

Jibu: Ipo, Mwalimu, na una mtangulizi mzuri. Mwezi Septemba 1894, mwanafizikia wa Uskoti Charles Thomson Rees Wilson alikaa kwa muda katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa kwenye kilele cha mlima Ben Nevis, akavutiwa na miduara ya rangi kuzunguka jua na kuzunguka vivuli vilivyoangukia juu ya ukungu. Aliporudi maabara alitaka kuitengeneza mwenyewe, akaanza kutengeneza mawingu ndani ya chombo cha kioo. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye chumba cha mawingu, chombo kilichowawezesha wanasayansi kwa mara ya kwanza kuona njia za chembe zenye chaji, na kwa ajili yake alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1927.

Kwa darasa lako inatosha kipande safi cha kioo, tochi ya simu na chumba chenye giza. Weka tochi mbele ya ukuta, kwa umbali wa mita 3 kutoka kwa mtazamaji, na uizibe kwa karatasi nene yenye tundu dogo, ili mwanga utoke sehemu moja tu. Mwanafunzi akishike kioo mbele ya jicho, akipumulie mara moja kwa kinywa kilichofunguliwa wazi, na aitazame tochi kupitia ukungu huo kabla haujakauka. Ataona duara jeupe lenye ukingo wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na nje yake miduara hafifu ya rangi. Kwa kuwa Tabora kuna joto na pumzi haigeuki ukungu upesi, kilaze kioo kwanza ndani ya jokofu au kwenye ndoo ya maji ya baridi, kisha ukifute kwa kitambaa kisicho na mafuta. Alama ya kidole huharibu kila kitu: mahali palipoguswa vitone huungana ovyo, na miduara hupotea hapo hapo, jambo ambalo lenyewe ni somo kuhusu umuhimu wa vitone kulingana.

Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kwenda mbele na kupima. Mmoja atazame, na mwenzake asogeze chaki ukutani kutoka kwenye tochi mpaka mtazamaji aseme kuwa imefika kwenye ukingo mwekundu wa duara la kwanza. Tuseme umbali huo ni sentimita 15. Gawanya kwa sentimita 300, upate 0.05, ambayo ndiyo pembe kwa kipimo cha radiani. Chukua urefu wa wimbi wa milimita 0.00057, uzidishe kwa 1.22, kisha ugawanye kwa 0.05. Jibu ni milimita 0.014, nalo ndilo kipenyo cha vitone vilivyo juu ya kioo chenu. Hesabu hiyo hiyo hutumika kukadiria ukubwa wa vitone vya wingu lenye mduara wa rangi kuzunguka mwezi, na kwa mwezi wanafunzi wanaweza kutazama muda wote wanaotaka bila hatari kwa macho.